Ng'ombe wa Kiti cha Nyuma

Picha yenyewe ninayo mpaka leo. Wanangu wameniambia niifute, mke wangu ameniambia niifute, na mchungaji kwa upole wake ameniambia hivyo hivyo. Sijaifuta na siifuti. Sababu nitaisema, ila kwanza niseme ilivyopatikana, maana watu wameisimulia huku na huku mpaka imepinda.

Mimi si mtu wa shule. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikimbia katikati, nikadandia lori la dagaa nikawa utingo. Nilipakia, nilishusha, nililala juu ya magunia. Usukani niliujua kwa kuibia, dereva akilewa. Baadaye nikawa dereva, halafu nikanunua lori langu la kwanza likiwa limekufa, nikalifufua mwenyewe pale Mukendo, mgongo chini, mafuta machafu yakinidondokea machoni. Leo nina nyumba Makoko, ukifungua dirisha unaliona ziwa lote. Hakuna aliyenishika mkono. Utasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Lakini nasema pia ili ujue kwamba mtu aliyefika kwa njia hiyo anazoea kuamini macho yake peke yake, na hapo ndipo niliponaswa.

Malori nilipowaachia wanangu, ugonjwa wa picha ukanishika. Binti yangu alininunulia simu ya kioo kikubwa, akanionyesha pa kubonyeza, akarudi kwake. Mengine nilijifundisha. Nikawa nazunguka na pikapu yangu. Miaka yote ile nchi hii nilikuwaga naipita naangalia barabara tu, mashimo, matuta, trafiki. Sasa nikaanza kuangalia pembeni, na pembeni kuna mambo. Nimempiga picha jogoo amesimama kwenye usukani wa pikipiki kutoka Buhare mpaka sokoni, hakufungwa hata kamba, mwenye pikipiki anasema wameshazoeana. Nimepiga mtumbwi juu ya kilima, mbali na maji, kuku wanatagia ndani. Nimepiga kibanda chenye mlango mmoja, kushoto ananyoa nywele, kulia anachonga majeneza, na ni mtu mmoja. Nilimuuliza inakuwaje. Akaniambia, "Wateja ni wale wale, Mzee." Njia ya Butiama nimepiga sanamu ya kufukuzia ndege kwenye mtama, imevaa suti na tai. Nilisimamisha gari nikaenda kushika kitambaa. Suti ilikuwa nzuri kuliko niliyoolea.

Katika picha zote hizo mimi nimo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu. Naigeuza simu inione, nanyoosha mkono, natokea mimi mbele na kituko nyuma. Kituko bila mimi, nani ataamini nilikuwepo? Vijana wanaitaga selfi. Mimi niliita ushahidi. Kisha naandika maneno mawili matatu ya kuchekesha, natuma kwenye grupu la ukoo, grupu la wazee wa kanisa, na grupu la madereva tuliostaafu. Watu wananingoja. Nikikaa wiki bila kutuma, wananiuliza kama naumwa.

Basi siku hiyo nilikuwa Bunda, kwenye kituo cha mafuta karibu na stendi. Akaja kijana mmoja na mchomoko, haya magari madogo ya abiria yanayokimbia vijijini. Akapaki mbele yangu. Viti vya nyuma vyote vimetolewa, na ndani amesimamishwa mtamba, ng'ombe jike mdogo ambaye hajazaa, mwekundu, paji la uso jeupe. Amefunikwa kitenge mgongoni. Kichwa amekitoa dirishani kama abiria anayetafuta mtu wa kumpokea.

Muuza mayai akakimbilia lile dirisha kama anavyokimbilia kila dirisha, macho yake yako kwenye chenji. Akainua ndoo, akasema, "Ya kuchemsha, ya moto." Ng'ombe akampulizia puani. Yule mama aliruka, mayai mawili yakadondoka, stendi nzima ikacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika bodi ya gari. Nikageuza simu mbio mbio kabla mambo hayajaisha. Nikajipanga, mimi mbele, mchomoko nyuma, kichwa cha ng'ombe begani kwangu. Kijana alikuwa bado amekaa kwenye usukani. Alifungua mdomo akasema kitu kunielekea. Sikumsikiliza, nilikuwa natafuta kofia yangu ikae sawa. Nikabonyeza. Nikapanda pikapu yangu nikaenda zangu.

Jioni nikaituma. Chini yake nikaandika hivi, na nayaandika tena hapa kwa aibu yangu: "Wizi wa kisasa. Ng'ombe wa wizi siku hizi hatembei, anapewa kiti cha nyuma."

Sikujua chochote juu ya wizi. Yule kijana simjui, ng'ombe simjui. Niliona maneno yanachekesha. Na kweli yalichekesha. Watu walituma vicheko mpaka simu ikapata moto. Mmoja akasema picha imefika Tarime, mwingine akasema shemeji yake ametumiwa akiwa Mwanza. Nikajiona mkubwa.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja nakunywa uji, simu ikalia, namba ngeni. Mtu akasema, "Shikamoo Mzee. Wewe ndiye mwenye picha ya ng'ombe kwenye gari?"

Nikamwambia marahaba, ndiye mimi, mwenyewe.

Akajitambulisha kwamba ni mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Butiama, kijiji chenyewe sikitaji. Akasema wamemkamata yule kijana. Alipita pale na mchomoko wake kushusha abiria, watu wakalitambua gari, wakamtambua na yeye. Pale kijijini kuna mama mjane aliyeibiwa mtamba wake usiku, siku zile zile. Mwekundu, paji jeupe. Na kwenye picha yangu sikio linaonekana, alama ni ya kwao. Nikamuuliza ng'ombe yuko wapi sasa, si muangalie? Akasema hayupo. Kijana anadai alikuwa ng'ombe wa mama yake mzazi, alimtoa kwao Bunda akampeleka Buhare wanakoishi, akachinjwa siku ya kumaliza msiba wa baba yao. Ngozi imeuzwa, kichwa kimeliwa. Kilichobaki ni picha.

"Uje useme ulichokiona," akaniambia. "Na uje mapema, Mzee. Vijana wa hapa nimewashika wasimguse tangu jana. Sidhani kama nitawashika mpaka jioni."

Kwetu huku mtu haelezwi maana ya maneno hayo. Mwizi wa ng'ombe akishashikwa mkononi, kati yake na kaburi kuna mwenyekiti tu, na mwenyekiti naye ni mtu mmoja.

Nawaambia ukweli, sikuogopa wakati huo. Nilifurahi. Nilivaa koti langu la harusi za watoto, nikapaka viatu dawa. Mtu wa darasa la nne ameitwa kutoa ushahidi, na ushahidi wenyewe kaupiga yeye. Njiani, nilipofika njia panda ya Makutano nikakata kuelekea Butiama, nilikuwa nayapanga maneno kwa sauti peke yangu ndani ya gari.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja cha tofali, nje kuna mawe makubwa, na juu ya mawe watu walikuwa wamejaa. Wanaume zaidi, fimbo mkononi. Hakukuwa na kelele. Ningependa kungekuwa na kelele. Mchomoko umesimama katikati, matairi yote manne yametolewa upepo, umelala kama mnyama aliyechoka. Kioo cha nyuma hakipo.

Mwenyekiti akaniingiza kwanza ndani nimtazame kijana. Alikuwa amekaa sakafuni, shati limechanika, jicho moja limefumba, damu imekauka puani. Aliponiona akasimama kwa kushika ukuta. Akasema, "Shikamoo Mzee."

Sikuitika. Mwizi haitikiwi. Niligeuza uso.

Akasema tena, taratibu, "Hata pale Bunda nilikuamkia. Hukuitika."

Nikatoka nje. Lakini lile neno lilitoka na mimi.

Mkutano ukaanza. Aliyesema kwanza ni shemeji wa yule mjane, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akaeleza alama. Akasema babu zao walikuwa ndugu wawili, na alama yao ni sikio kupasuliwa mara mbili, kama mkia wa mbayuwayu. Walipogawana mifugo, hakuna aliyekubali kuiacha alama ya baba. Basi mkubwa akachukua sikio la kulia, mdogo akachukua la kushoto akahamia upande wa Bunda. Mpaka leo ni hivyo. Wa hapa ni kulia, wa Bunda ni kushoto.

"Huyu kijana anasema kwao ni Bunda, ni wa kushoto," akasema. "Sawa. Angekuwa wa kushoto tungemkaribisha, ni ndugu yetu. Sasa tazameni picha."

Walikuwa wameenda kuitoa kwenye karatasi kubwa, ya rangi. Akaizungusha mbele ya watu. Sikio lililopasuliwa lilikuwa la kulia, halina ubishi, hata mtu wa mbali angeona. Watu wakaguna. Akaonyesha na uso wa kijana. "Oneni alivyoshtuka kupigwa picha. Mdomo wazi. Mtu mwenye mali yake anashtuka nini?"

Mzee mmoja pale kwenye mawe akauliza mbona ng'ombe alichinjwa haraka hivyo. Shemeji mtu akamjibu kwamba mwizi mwenye akili anakula ushahidi. Watu wakacheka, kicheko kifupi, cha puani. Kicheko hicho sikukipenda.

Kisha nikaitwa. Mwenyekiti akaniuliza kama picha ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaniuliza kama nilimwona kijana na ng'ombe kwa macho yangu. Nikasema kwa macho yangu, Bunda, mchana kweupe. Shemeji mtu akatoa simu yake, akasoma kwa sauti yale maneno yangu ya wizi wa kisasa. Akasema, "Haya aliandika nani?"

"Mimi."

Mawe yote yakanguruma. Kuna kijana alipiga fimbo yake chini. Wengine watatu wanne wakalisogelea gari, wakaanza kulitikisa wakipokezana, kama watu wanaojaribu uzito. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa pumzi moja nilijisikia vizuri. Watu wote wale, na neno langu ndilo lililowasimamisha.

Mwenyekiti akanipa ile karatasi, nithibitishe kwamba haikuchezewa.

Hapo ndipo nilipoiona picha yangu kwa mara ya kwanza. Nasema ya kwanza kwa sababu kwenye simu nilikuwa najiangalia mimi. Kofia imekaaje, meno yameonekanaje. Na wale watu wa kijiji ni watu wa ng'ombe, waliangalia ng'ombe. Siku nzima wameshika karatasi ile, hakuna aliyeangalia kitu kingine zaidi ya sikio. Lakini mimi chakula changu kimetoka kwenye magari. Nikipewa picha ya gari, jicho linakwenda kwenye gari lenyewe bila kulituma.

Dereva alikuwa amekaa upande wa abiria. Usukani ulikuwa kushoto, kama malori yanayotoka Kongo.

Nikainua macho nikautazama mchomoko pale katikati. Usukani kulia, kama magari yetu yote. Nikarudi kwenye karatasi. Kushoto. Nikajitazama na mimi. Pengo langu, jino nililong'olewa na mpini wa jeki nikiwa utingo, liko kulia mdomoni, naligusa kwa ulimi kila siku. Kwenye picha liko kushoto. Saa yangu imehamia mkono mwingine. Picha nzima ilikuwa imegeuka, kama mtu anavyojiona kwenye kioo cha kunyolea. Nikaielewa yote kwa mara moja. Kama mimi nimegeuka, na gari limegeuka, basi na sikio.

Mwenyekiti akasema, "Mzee, ni yenyewe?"

Nilikuwa na njia mbili na zote niliziona. Nikisema ndiyo, narudi Makoko na heshima yangu na koti langu, hakuna atakayejua, maana hakuna aliyeona. Nikisema hapana, nasimama mbele ya watu wale nikiwa mzee asiyejua kutumia simu yake, aliyeandika uongo ili watu wacheke. Nisiseme kwamba niliamua haraka. Mtu akisimulia mambo yake huwa anajifanya aliamua haraka. Nilisikia bodi ya mchomoko ikilia, nikasikia mtu anauliza kiberiti, akajibiwa kwamba kipo. Ndani ya ofisi kijana alikuwa anakohoa.

Nikasema, "Picha ni yangu, lakini imedanganya. Na mimi nimedanganya."

Nikawaeleza usukani. Nikawaambia waangalie gari, kisha waangalie karatasi. Wachache waliangalia. Wengi walikuwa wananiangalia mimi. Shemeji mtu akaja mpaka karibu na pua yangu. Akaniuliza nilipoingia mle ndani kwa kijana nilikula nini. Mwingine nyuma akasema wazee wa mjini huwa hawashibi. Nikamwambia shemeji mtu anipe nafasi moja. Nikatoa simu, nikaigeuza inione, nikapanda juu ya jiwe nikawapa mgongo.

"Kila mwenye fimbo aishike mkono wa kulia, ainue," nikasema.

Mtu akasema, "Sasa anatupiga picha ya harusi."

Lakini waliinua. Nadhani waliinua kwa hasira, si kwa kunitii. Nikabonyeza. Hiyo picha nayo ninayo. Mzee wa koti mbele, jasho linamtiririka, na nyuma yake wanaume kama hamsini, fimbo juu, nyuso za kuua. Wote mashoto. Katika vituko vyote nilivyopiga nchi hii hakuna kinachokifikia hicho, na sijawahi kumtumia mtu.

Nikaipitisha simu. Wakatazama. Mwenyekiti akajitafuta, akaona fimbo yake imehama mkono, akautazama mkono wake mwenyewe. Mama mmoja muuza maandazi akasema mbona hata simu yake inafanyaga hivyo, misuko yake ya pembeni inatokea upande usio wake, alidhani ni kawaida. Kijana wa kiberiti akasema simu ni mbovu tu na mzee kalipwa. Ubishi ukaanza upya, sasa kwa sauti, na mimi bado niko juu ya jiwe nikiwa sijui nishuke upande gani.

Aliyemaliza si mimi. Ni yule mjane.

Muda wote alikuwa amekaa chini pembeni, miguu amenyoosha. Alikuwa mama mdogo tu, umri wa binti yangu wa mwisho. Akainuka, akaomba ile karatasi. Akaishika pembe zake mbili, akaigeuza, akaiinua kwenye jua, akaitazama kwa nyuma.

Jua lilipita kwenye karatasi. Hata mimi kutoka pale juu niliona. Dereva akahamia upande wake, usukani kulia kama inavyotakiwa, na ng'ombe akageuza kichwa, na mkia wa mbayuwayu ukawa kwenye sikio la kushoto.

Shemeji yake akamwambia, "Mama, fikiri vizuri." Sote tulimwelewa. Kama kijana ni mwizi, ukoo wa kijana utalipa ng'ombe, na yule mama na watoto wake watakunywa maziwa. Kama si mwizi, hana kitu.

Akaitazama tena. Akasema, "Wangu alikuwa wa kulia. Huyu si wangu."

Akamrudishia shemeji karatasi. Kisha akaniangalia mimi. "Wangu sasa yuko wapi, Mzee wa picha?"

Mpaka leo hajapatikana.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia. Wanaume waliokuja kuua wakikosa wa kumuua, hawajui waiweke wapi mikono. Wengine walipita karibu yangu wakatema mate pembeni. Mwenyekiti akakaa juu ya jiwe akavua kofia. Alinambia alikuwa hajala tangu jana.

Kijana akatolewa. Akaenda moja kwa moja kwenye gari lake, akalizunguka, akapitisha kidole pale kioo kilipokuwa. Nikachukua pampu ya mkono kwenye pikapu yangu. Nikavua koti, nikapiga magoti, nikajaza upepo tairi la kwanza. Sikuwa nimepiga pampu kwa mkono tangu enzi za utingo, na kwa umri wangu tairi moja ni kazi. Nikajaza la pili, la tatu, la nne. Hakunisaidia na hakunizuia. Alisimama pembeni ameshika mlango.

Nilipomaliza nikamwambia nataka nimpige picha upya, safari hii simu ikiwa imegeukia kwake, mimi nisiwemo, niitume kote ilikofika ile ya kwanza niandike ukweli. Akaweka kiganja mbele ya uso wake.

"Usinipige," akasema. "Inatosha."

Akawasha gari akaondoka. Nilibaki nimesimama na pampu, nikingoja. Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja aniamkie. Kijana wa kwetu haondoki mbele ya mzee bila neno, hata akiwa na hasira. Nilikuwa tayari na marahaba yangu mdomoni. Akapita na vumbi.

Nyumbani niliandika kwenye magrupu yote kwamba kijana si mwizi, maneno nilitunga mimi, picha imegeuka. Watu wawili walijibu amina. Maneno ya kweli hayaendi mbali. Ile picha ndiyo inayotembea. Mwezi uliopita imenirudia kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Dodoma, ambaye hata hakuitambua sura yangu, na chini yake mtu mwingine ameandika kwamba nchi hii haiishiwi vituko. Kila inaporudi nakaa chini, naandika kwa kidole kimoja: tazama usukani. Mke wangu anasema nitaandika mpaka lini. Namwambia mpaka isimame.

Kijana namuonaga. Anapakia abiria pale Buhare, kioo cha nyuma ameziba kwa karatasi la nailoni. Mara ya kwanza kukutana nilimuwahi, mimi mzee nikaanza, nikamwambia, "Habari za kazi, mwanangu." Akajibu nzuri, akaendelea kuita abiria. Mara ya pili hivyo hivyo. Sasa nimezoea kuanza mimi.

Ndiyo maana siifuti. Watu wanamwona mle ndani mdomo wazi, wanadhani ameshtuka, au anacheka, au anapiga kelele. Mimi ndiye peke yangu ninayejua. Kila nikiifungua namkuta pale kwenye usukani, upande usio wake, ananiambia shikamoo. Naitika, kwa sauti, hata kama kuna watu.